Mayai ya kujaza kwa mugonjwa wa sukari: avoka pahali pa mayonezi



Kuku wanataga, mayai yanaenda soko, pesa inarudi nyumbani kununua unga na sabuni na kulipa minerval ya watoto. Hiyo hatuipingi. Lakini kuko nyumba nyingi ambamo baba, mama ao koko iko na ugonjwa wa sukari, na yule yule mwenye kuamka asubuhi kufungulia kuku hali hata yai moja kwa juma. Mukimuuliza sababu, anajibu: «Mayai iko na mafuta, na mimi niko mugonjwa.» Halafu anakunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari, na mukate mweupe pembeni.

Yai lenyewe halipandishi sukari. Kinachopandisha ni kile kinachotiwa ndani yake, kinachokuliwa pamoja nalo na kinachonywewa nyuma yake. Ili tusibaki kwenye maneno tu, tutapika pamoja chakula kimoja kinachofaa kwa sikukuu na kwa siku ya kawaida: mayai ya kujaza. Kinataka mayai ya kwetu, avoka ya kwetu, ndimu, kitunguu na mbabula moja. Hakuna kitu cha kutoka mbali.

Yai na fufu

Tunapokula fufu, muchele, viazi, ndizi ao mukate, wanga wake unageuka sukari ndani ya tumbo na kuingia katika damu. Mwili wa mutu muzima unatoa insulini, na insulini ndiyo inafungulia ile sukari mulango ili itoke katika damu na kwenda kutumika kama nguvu. Kwa mugonjwa wa sukari, insulini haitoshi, ao haiko kabisa, ao iko lakini mwili hauisikii tena. Sukari inabaki inazunguka katika damu, na miaka ikipita inaharibu macho, figo, miguu na moyo.

Sasa muangalie hesabu. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, zaidi ya gramu 80 ni wanga. Yai moja la kadiri, lenye karibu gramu 50 bila ganda, liko na wanga chini ya gramu 1. Kinachobaki ni maji, karibu gramu 6 za protini zinazojenga mwili, na gramu 5 hivi za mafuta. Protini na mafuta vinakawia tumboni, kwa hiyo mutu anashiba na hakimbilii kuomba fufu ingine.

Na yale mafuta je? Woga wa watu haukutoka hewani. Kiini cha yai moja kiko na karibu miligramu 190 za kolesteroli, na mugonjwa wa sukari anapaswa kuchunga moyo na mishipa yake kuliko jirani asiye mugonjwa. Lakini kwa watu wengi kolesteroli ya chakula inapandisha ile ya damu kidogo tu. Mafuta magumu, kama yale ya nyama nono na ya siagi, na hata mawese yetu tukiyamwaga bila kipimo, yanapandisha zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, kule Australia, walichukua watu 140 wenye sukari ya aina ya pili ao walio karibu kuipata. Kundi moja lilikula mayai 12 kwa juma, lingine chini ya 2, kwa muda wa miezi 3. Matokeo yalitoka mwaka wa 2015: kolesteroli ya wale wa mayai 12 haikuharibika kupita ya wengine. Tuongeze kwamba wauza mayai wa Australia walisaidia kulipia utafiti ule, na watu wale walifundishwa pia kupunguza mafuta magumu. Kwa hiyo tusiruke kwa furaha tukapika sinia nzima.

Sisi tunabaki kwenye kipimo hiki: yai moja kwa siku, kwa mugonjwa ambaye munganga hakumukataza. Kama mutu iko na shida ya figo, ao kolesteroli yake ilipimwa ikapatikana juu, aulize kwanza kwenye kituo cha afya. Namna moja rahisi ya kupunguza ni kula weupe wa mayai mawili na kiini cha moja.

Jina lake linachekesha

Chakula hiki si kigeni sana. Tayari Warumi wa zamani walikuwa wanakula mayai ya kuchemsha yenye viungo. Waingereza na Wamarekani wanakiita mayai ya shetani. Musishituke: kuanzia karne ya 18 Waingereza walitumia neno hilo kwa chakula chochote chenye pilipili kali ao mutarde, juu kinachoma kama moto wa kule chini. Wafaransa wanasema mayai ya mimosa, kwa sababu kiini kilichopondwa kinafanana na maua madogo ya manjano ya muti ule. Hapa tunasema tu mayai ya kujaza. Hatutaki mutu akatae chakula kizuri kwa sababu ya jina.

Namna ya Wamarekani ni kukata yai lililochemka, kutoa kiini, kukiponda na mayonezi na mutarde, na kukirudisha pale kilipotoka. Wengine wanatia tango la siki lenye sukari, ao kijiko kidogo cha sukari kabisa. Hicho cha mwisho ndicho tunakitoa kwanza, bila mazungumuzo.

Juu ya mayonezi, tusiisingizie. Mayonezi ya kweli haina sukari nyingi. Shida zake ni zingine. Kijiko kikubwa kimoja kinabeba zaidi ya gramu 10 za mafuta, na mutu hakomei kwenye kijiko kimoja. Kopo likisha kufunguliwa linataka frigo, na ngapi kati yetu wako na frigo yenye moto siku nzima? Tena zile sosi nyeupe za bei ya chini, zinazofanana na mayonezi, mara nyingi zinaongezwa sukari ao wanga. Musome nyuma ya kopo: mukiona «sucre», «sirop de glucose» ao «amidon» kati ya maneno ya kwanza, muirudishe kwenye etajere. Na mayonezi ya kutengeneza nyumbani inatumia kiini kibichi. Kiini kibichi kinaweza kubeba mikrobi inayoitwa salmonela, na mwili wa mugonjwa wa sukari unapigana vibaya na mikrobi. Hiyo hatuishauri hata kidogo.

Avoka inafanya kazi ile ile ya kulainisha kiini. Gramu 100 za avoka ziko na karibu gramu 15 za mafuta, lakini mengi ni mafuta laini yasiyoumiza moyo. Wanga unaogeuka sukari ni gramu 2 hivi tu, na nyuzinyuzi karibu gramu 7. Kwenye milima yetu ya Kivu, avoka zinaanguka chini ya muti na kuoza wakati wa musimu, na mutu anapita juu yake akienda kununua mayonezi.

Kuchemsha kule juu kwa milima

Kwa watu sita, mayai 6. Kila mumoja atapata yai moja, maana yake vipande viwili.

Muchague mayai kwanza. Muyaweke ndani ya maji baridi: lililolala chini ni la hivi karibuni, lililosimama ni la siku nyingi kidogo lakini linafaa bado, lililopanda juu kuelea ni la kuacha. Lenye ufa, hapana. Mayai ya kuweka musiyaoshe, juu ganda liko na ngozi nyembamba sana inayozuia mikrobi. Muyaoshe tu mukiwa tayari kuyapika. Na kama kuku walipewa dawa ya antibiotike, muheshimu siku zilizoandikwa kwenye dawa ile mbele ya kula ao kuuza mayai yao.

Kuko jambo wapishi wengi hawalijui: yai lililotagwa leo ao jana linakataa kumenywa. Ganda linang'ang'ana na weupe, na yai linatoka na mashimo kama limekulwa na panya. Likikaa siku 7 hadi 10 pahali pa baridi, hewa inaingia kidogo-kidogo kupitia vitundu vya ganda, ile asidi ya weupe inapunguka, na ganda linaachia vizuri. Kwa hiyo mayai ya leo muyapeleke soko, na ya juma lililopita muyachemshe nyumbani.

Muchemshe maji kwanza, yafunike mayai vizuri, halafu muyaingize polepole na kijiko yale maji yakisha kutoa mapovu. Kuingiza katika maji ya moto kunasaidia pia ganda kuachia. Sasa, dakika ngapi? Vitabu vya mapishi vinasema 10, lakini vinaandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari. Kule maji yanachemka kwa digri 100. Kando ya Ziwa Kivu, Goma ao Bukavu, tuko karibu metre 1.500 juu ya bahari, na maji yanachemka kwa digri 95 hivi. Yanatoa mapovu sawasawa, lakini moto wake ni mudogo. Hapa muhesabu dakika 13 hadi 14. Kule Butembo, ambako ni juu zaidi, hata 15. Wenzetu wa Uvira, kando ya Tanganyika, 11 ao 12 zinatosha. Kiini kinapaswa kukamata kabisa, kisibaki na maji katikati.

Lakini musiyasahau kwenye makala. Yai likichemka kupita kipimo, kiini kinavaa muviringo wa rangi ya majani na kutoa harufu ya kiberiti. Ni chuma cha kiini kinakutana na kiberiti cha weupe. Haina sumu, watu wengi wanaitupa bure. Ila haipendezi kwa macho. Mukiyatoa tu, muyatumbukize ndani ya maji baridi ya kunywa, dakika 10, mukibadilisha maji mara moja. Halafu mugonge ganda pande zote na kuanza kumenya kwenye upande munene, pale kuko kamufuko ka hewa.

Kujaza

Mukate kila yai kwa urefu na kisu kilicholowanishwa, ili kiini kisishike. Mutoe viini, muviponde na uma vikiwa vikavu mupaka viwe kama unga. Musitie avoka mbele ya hapo, ama sivyo vidonge vidogo vitabaki mupaka mwisho.

Halafu mutie nusu ya avoka kubwa iliyoiva, lakini isiyo na nyuzi nyeusi, na vijiko vidogo viwili vya maji ya ndimu. Ndimu inaleta ule ukali ambao Wamarekani wanautafuta kwenye siki, na inachelewesha avoka kugeuka nyeusi. Muongeze nusu ya kitunguu kidogo kilichokatwa vidogo sana na kusukutwa katika maji, majani machache ya seleri, na pilipili kwa kadiri mutu anavyoipenda. Chumvi iwe kidogo, ncha ya kijiko kidogo kwa mayai yote sita. Wagonjwa wengi wa sukari wako pia na tansio, na ile kube ya kupikia mboga ni chumvi tupu, musiitie humu. Kwa nyumba yenye mutarde, nusu ya kijiko kidogo inafaa.

Muonje. Kama inakosa kitu, karibu kila mara ni ndimu, si chumvi.

Mujaze na kijiko kidogo. Wenye kutaka kupendezesha meza wanaweza kutia muchanganyiko katika mufuko safi wa plastiki, kukata pembe moja na kuukamua kama dawa ya meno. Juu yake kipande cha nyanya bila maji yake, ao jani la seleri. Watoto wanapenda hivyo, na mugonjwa hatajisikia kwamba anapikiwa chakula cha hospitali peke yake wakati wengine wanakula chakula cha furaha. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wagonjwa wengi wanaacha kufuata chakula chao kwa sababu ya kukaa pembeni na sahani yao, si kwa sababu ya ubaya wa chakula.

Pale avoka haiko

Nje ya musimu, vijiko vikubwa vitatu vya mashanza yaliyokamuliwa katika kitambaa vinafanya kazi vizuri, mradi hamuyatii sukari. Maharagi yaliyoiva na kupondwa yanafaa pia, lakini yako na wanga kidogo, kwa hiyo yanahesabiwa. Sambaza ao ndagala kavu zilizokaangwa bila mafuta na kutwangwa zinaleta ladha nzuri sana. Muzioshe kwanza kama zilitiwa chumvi.

Nini pembeni ya yai

Hapa ndipo kazi yote inaweza kuharibika. Vipande viwili vya yai pamoja na soda moja vinakuwa chakula cha sukari: chupa ya sentilita 33 inaweza kubeba karibu gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vidogo 7. Munywe maji, ao chai bila sukari.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga: lengalenga, shu, sombe isiyoogelea katika mawese. Robo moja ni yai, ao yai na maharagi. Robo inayobaki ni fufu, kiazi ao ndizi ya kupika, kadiri ya ngumi ya mugonjwa mwenyewe. Ngumi yake, si ya yule kijana mwenye kulima.

Usimunyime fufu yote

Mahali hapa tunaomba musome polepole, hata kumusomea asiyejua kusoma.

Mutu akisikia kwamba yai halipandishi sukari na fufu inapandisha, anaweza kusema: basi, kuanzia leo ninakula mayai tu. Kwa mutu anayepiga sindano ya insulini, ao anayemeza vidonge kama glibenklamidi, hiyo ni hatari. Dawa zile zinashusha sukari hata kama hakuna chakula cha kushusha. Akimeza kidonge chake asubuhi, akala vipande viwili vya yai bila wanga wowote, halafu akaenda kulima mupaka saa sita, sukari inaweza kuanguka chini kabisa. Sukari ya kupanda inaharibu mwili kwa miaka. Ile ya kuanguka inaweza kuua siku moja.

Alama zake: kutetemeka, jasho baridi, moyo kupiga mbio, njaa ya gafula, kichwa kuzunguka, kusema maneno yasiyoeleweka, hasira bila sababu. Mara nyingine watu wanazania amelewa. Kama iko na kifaa cha kupimia na kinaonyesha chini ya 70, ao hana kifaa lakini alama ziko, mumupe mara moja vijiko vidogo 3 vya sukari ndani ya maji. Ndiyo, sukari yenyewe. Mungoje dakika 15. Kama hajakuwa sawa, mumupe tena. Akisha kurudi, ale kitu chenye wanga, kama ndizi ao kiazi. Kama amezimia, musimutie kitu mudomoni, juu kinaweza kupita njia ya hewa. Mumulaze kwa ubavu na kumukimbiza kwenye kituo cha afya.

Kwa hiyo ile robo ya fufu ibaki pale kwenye sahani. Na mutu akitaka kupunguza wanga sana, aende kwanza kwa munganga wake na vidonge vyake mukononi, ili wapange dawa pamoja na chakula. Mayai ya kujaza si dawa, na hakuna mutu anayepaswa kuacha vidonge kwa sababu anakula vizuri.

Kubeba kwenye mukutano

Wamama kadhaa watapenda kupika haya siku ya mukutano mukuu wa koperative, pahali pa mikate na biskuti. Ni wazo zuri, ila kwa kipimo cha saa. Yai lililojazwa likikaa bila baridi, linaliwa ndani ya saa 2. Likipita hapo, hasa kwenye jua, mulitupe hata kama halinuki. Mukiwa mbali, mubebe mayai yaliyochemka na ganda lake, avoka nzima, ndimu na kitunguu, na mumenye na kujaza pale pale. Mikono ioshwe na sabuni, na kisu kilichokata nyama ya kuku mbichi kisiguse sahani hii mbele ya kuoshwa. Kwa nyumba yenye frigo, muchanganyiko unakaa siku moja ukifunikwa vizuri, na weupe umewekwa mbali yake. Ukigeuka rangi ya udongo juu, ni avoka tu, mukoroge na ndimu kidogo na kula.